Kuiishi imani Dzaleka: Kwa nini barua ya maaskofu ya 1992 ingali na uzito

Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, mwanzoni mwa Kwaresima, waumini wa Kanisa Katoliki kote nchini Malawi walisomewa barua ya maaskofu wao. Kichwa chake chaweza kutafsiriwa kuwa "Kuiishi imani yetu". Ilikuwa imechapishwa kwa siri, nakala zipatazo 16,000, na kutiwa saini na viongozi saba wa majimbo wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre.

Leo, mtu akiisoma barua hiyo bila kuijua historia yake, huenda akashangaa kwamba iliitikisa serikali. Inazungumzia mishahara isiyotosha, madarasa yaliyojaa kupita kiasi, wagonjwa wasiohudumiwa ipasavyo, rushwa, na hofu ya watu kusema wanachofikiri. Hoja yake ya msingi ni ya kidini: binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo anayemdhalilisha binadamu anamgusa Muumba wake. Nguvu yake imo katika kukataa kuiacha hoja hiyo ibaki madhabahuni. Inaipeleka kwenye dawati la shule na kitanda cha hospitali.

Chini ya Rais wa Maisha, Hastings Kamuzu Banda, hakuna aliyekuwa amethubutu kusema hivyo hadharani. Maaskofu walihojiwa na polisi, barua ikatangazwa kuwa ya uchochezi, na Monsinyori John Roche, raia wa Ireland aliyesimamia jimbo la Mzuzu, akafukuzwa nchini. Wanafunzi wa chuo kikuu huko Zomba waliandamana. Baadaye Wapresbiteri na Waislamu waliungana na Wakatoliki kudai mageuzi. Katika kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walichagua mfumo wa vyama vingi, na mwaka uliofuata Banda alishindwa katika uchaguzi.

Na hapa ndipo Dzaleka inapoingia. Katika zama hizo, mahali hapo wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe la Kichewa husimuliwa kuwa na maana ya "sitarudia tena". Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda alipoondoka madarakani, pakawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuhifadhi watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa familia nyingi za Kiswahili zilizohamishiwa ughaibuni, jina la Dzaleka limebeba kumbukumbu za utoto na namba za simu za ndugu waliobaki.

Makanisa ni mengi kambini, na nyimbo husikika kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kifaransa. Lakini swali la maaskofu wa 1992 linabaki pale pale: ibada ikiisha, muumini anaishije?

Chukua suala la sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka mipaka kuhusu haki ya mkimbizi ya kufanya kazi na kwenda atakako. Kwa miaka mingi mipaka hiyo haikutekelezwa kwa ukali, na wakimbizi wakafungua maduka Lilongwe na kwenye masoko ya vijijini. Machi 2023 serikali, ikitaja sababu za usalama na uchumi, iliwaamuru warudi kambini kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei msako ulianza. Watu wengi, wakiwemo watoto, walishikiliwa katika gereza la Maula jijini Lilongwe kabla ya kupelekwa Dzaleka.

Mtume Paulo aliwaagiza Warumi watii mamlaka. Torati nayo inaagiza mgeni atendewe kama mwenyeji. Mfanyabiashara Mkristo aliyefungiwa duka anabeba maagizo yote mawili, huku watoto wakisubiri chakula. Jirani yake Mmalawi, ambaye labda wanasali katika kanisa moja, naye ana mtihani wake: je, ajinunulie bidhaa za mwenzake kwa bei ya hasara kwa kuwa muda umekwisha, au amsaidie kuzihifadhi? Hakuna sheria inayomlazimisha kufanya hilo la pili. Imani ndiyo inayomdai.

Kisha kuna sadaka, jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha. Je, anayeishi kwa msaada huo atoe fungu la kumi? Wahubiri hupenda kumtaja mjane maskini aliyetoa sarafu zake mbili. Ni mara chache wasikilizaji hukumbushwa kwamba, katika Injili ya Marko, Yesu ametoka tu kuwashutumu viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Ukisoma habari hizo mbili pamoja, swali humgeukia pia anayepokea sadaka.

Zipo juhudi zinazojibu kwa vitendo. Innocent Magambo, mkimbizi wa Burundi, alianzisha mwaka 2006 shirika la Kikristo la There Is Hope, linalowafundisha ufundi wakimbizi pamoja na Wamalawi wa Dowa. Uamuzi wa kuwajumuisha wenyeji una uzito wake, kwa maana wilaya hiyo nayo ina umaskini, na msaada unaomruka mwenyeji huzaa kinyongo. Shirika la Wajesuiti la Huduma kwa Wakimbizi nalo huendesha shule kambini. Madarasa yake yamejaa, na kila familia mpya inayofika kutoka Kongo huleta watoto wengine wa kuketi humo.