Usimlaze Mbwa Wako Kabla ya Kupanda Ndege

"Dokta, tunaondoka Jumamosi. Naomba kidonge cha kumlaza Simba asihangaike njiani." Ombi hili naletewa na watu wa kila aina: mtumishi anayehamishiwa ubalozini, binti anayemfuata mume Uholanzi, bibi anayempeleka paka kwa wajukuu Muscat. Wote wanampenda mnyama wao, na wote wameshakata tiketi. Nikikataa, wananiona sina huruma. Nikiuliza chipu iliwekwa lini, na chanjo ya kichaa cha mbwa ilichomwa tarehe ngapi, wanatazamana. Muda wote wa maandalizi akili yao ilikuwa kwenye kidonge.

Nimechoka kulijibu swali hili mlangoni pa kliniki, mtu mmoja mmoja, huku mizigo imeshafungwa. Nalijibu hapa: simpi, na mtaalamu mwingine yeyote akikupa bila hata kumpima mnyama, mwogope.

Imani yenyewe inaeleweka. Abiria anameza kidonge Dar es Salaam, anaamka Amsterdam, safari imekwisha bila kuisikia. Kwa nini mbwa naye asipate nafuu hiyo? Kwa sababu abiria ana jirani wa kiti, na mhudumu anapita kila baada ya muda. Akikoroma vibaya au akibadilika rangi, yupo atakayemwona. Mnyama aliye sehemu ya mizigo, mlango ukishafungwa, hatazamwi na binadamu yeyote mpaka ndege itue. Kwa saa zote hizo anaishi kwa nguvu za mwili wake peke yake: lazima apumue sawasawa, ajipooze, ajipashe joto, ajishikilie ndege inapoinama. Dawa ya usingizi inaharibu kila kimoja cha hivyo.

Chukua asepromazini, ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo iliyozoeleka kwenye kliniki zetu kwa miongo mingi. Inatanua mishipa ya damu, presha inashuka, na uwezo wa mwili kurekebisha joto lake unalegea. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipooza kwa kutweta, mdomo wazi na ulimi nje, na aliyelewa dawa hatweti inavyotakiwa. Sasa mweke kwenye kizimba, juu ya toroli, kwenye lami ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere mchana wa Januari, akisubiri kupakiwa. Kesho yake alfajiri anashushwa Ulaya, ambako Januari hiyohiyo ni baridi ya kuganda. Kwa mbwa wengine dawa hii hukaa mwilini muda mrefu kuliko mwenyewe alivyotarajia, kwa hiyo mishipa iliyotanuka bado inalimwaga joto nje wakati yeye anahitaji kulibana. Kidonge kimoja kinamweka kwenye hatari ya joto mwanzo wa safari na hatari ya baridi mwisho wake.

Kuna suala la kujishikilia. Ndege ikipaa au ikitua, mbwa mwenye akili zake analala chini, anabana miguu, anaegemea ukuta. Aliyelazwa anateleza mpaka kona ya kizimba, kichwa kinainamia kifuani, na shingo iliyokunjwa ni njia ya hewa iliyobanwa. Akitapika hali yake ikiwa hiyo, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Boksa wanajulikana kwa kuathirika sana na asepromazini: presha inaporomoka, mbwa anaanguka. Na bado kuna watu wananunua dawa hii dukani kwa maelezo ya muuzaji, wakikadiria dozi kwa jicho.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni hili: asepromazini haiondoi hofu. Inaondoa uwezo wa kuionyesha. Mnyama anatulia kwa nje, macho yamelegea, kope ya tatu imefunika nusu ya jicho, na mwenyewe anafurahi kwamba amepumzika. Ndani yake hofu ipo palepale, na baadhi ya mbwa hushtuka zaidi kwa kelele wakiwa wamepewa dawa hii kuliko bila hiyo. Sehemu ya mizigo imejaa kelele. Umemchukua mnyama mwenye woga, ukamwacha na woga wake wote, ukamnyang'anya miguu. Hiyo siwezi kuiita huruma, hata anayeifanya awe na moyo mwema kiasi gani.

Nikikataa asepromazini, wengine hurudi nyumbani kufungua kabati la dawa. Hapo ndipo wanyama wanapokufa. Piriton, kwa sababu mtoto akinywa anasinzia. Valium ya bibi. Dawa ya maji ya mafua. Kizibo cha konyagi kwenye maziwa. Piriton haina uhakika: wanyama wengine wanasinzia, wengine, hasa paka, wanachachamaa. Valium ya kumeza imeshawaua paka kwa kuharibu ini ghafla, na hakuna njia ya kumjua mapema paka atakayeharibika. Pombe inashusha sukari na joto la mwili, kipimo cha kumlewesha paka kiko karibu mno na kipimo cha kumuua. Na dawa za mafua, soma ubavuni mwa chupa: nyingi zina parasetamoli. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama ini la mtu. Damu yake inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua paka mzima. Tafadhali, kama utasahau kila kitu katika makala hii, usiisahau sentensi hiyo.

Mashirika ya ndege nayo yanajua. Kanuni za usafirishaji wa wanyama hai za IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, hazishauri dawa za usingizi, na ikiwa mnyama amepewa dawa yoyote, jina lake, kipimo na saa aliyopewa vinatakiwa kuandikwa. Chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani kina msimamo huohuo. Mbwa anayepepesuka mbele ya kaunta anakataliwa, na tiketi inabaki kuwa hasara yako.

Wenye mbwa na paka wa pua bapa, bulldog, pug, paka wa Kiajemi na jamaa zao, nawaomba wasome hapa mara mbili. Mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilitoa takwimu za mbwa 122 waliokufa kwenye safari za ndege tangu Mei 2005. Bulldog wa Kiingereza walikuwa 25, pug 11. Njia zao za hewa ni finyu hata wakiwa wamelala sebuleni. Ongeza joto, ongeza hofu, kisha ongeza dawa inayolegeza koo. Mashirika mengi hayawapokei kabisa kwenye sehemu ya mizigo, mengine huwakataa miezi ya joto, na yanayofanya hivyo yana haki.

Nyuma ya ombi la kidonge kuna picha moja ambayo watu hawaisemi: wanadhani mnyama atawekwa mahali penye baridi kali, pasipo na hewa, kwa hiyo afadhali asijue. Picha hiyo si ya kweli. Sehemu ya mizigo ya ndege ya abiria ina mgandamizo wa hewa uleule wa chumba cha abiria, wa mahali palipo mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Addis Ababa iko karibu na kimo hicho na ina mbwa tele. Eneo wanakowekwa wanyama hupashwa joto, na rubani hupewa taarifa ya maandishi kwamba amebeba kiumbe hai. Hatari kubwa iko chini, kwenye lami, kwenye toroli, kwenye kituo cha kubadilishia ndege. Kwa hiyo uliza anasubiri wapi, saa ngapi, na nani anampa maji. Frankfurt, kwa mfano, ina jengo lake la wanyama pale uwanjani. Ndege ya usiku kutoka Dar ni bora kuliko ya mchana, na safari moja ndefu ni bora kuliko mbili fupi zenye kungoja saa sita Ghuba mwezi wa Julai.

Je, hakuna dawa kabisa? Zipo chache, na si za kulaza. Mbwa anayetapika garini anaweza kupewa maropitanti, ambayo inazuia kutapika bila kumlevya. Paka mwenye hofu iliyopitiliza anaweza kufaidika na gabapentini kidogo. Masharti ni kwamba daktari amempima moyo na mapafu, dawa imejaribiwa nyumbani siku za kabla, na shirika la ndege limekubali. Zaidi ya hapo, kinachomtuliza mnyama ni kizimba anachokijua.

Kinunue leo. Kiweke sebuleni mlango wazi, mlishe humo, mwache alale humo na kitambaa chenye harufu yako, kisha funga mlango dakika tano, nusu saa, usiku mzima, na umzungushe nacho kwenye gari. Wiki sita zinatosha kwa wengi. Vipimo: pima kutoka pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka sakafuni hadi kiwiko, huo ndio urefu wa kizimba. Upana ni mabega mara mbili. Kimo, asimame bila masikio kugusa dari. Wa pua bapa aongezewe asilimia 10. Mlango wa chuma, bolti badala ya vibanio vya plastiki, magurudumu yang'olewe, matundu ya hewa pande zote nne, bakuli la maji linalojazwa kutoka nje. Paka na vijibwa wanaokwenda na mwenyewe juu, mashirika mengi ya Ulaya huweka kikomo cha kilo 8 pamoja na begi. Siku ya safari mpe chakula kidogo saa nne hadi sita kabla, maji usimnyime, mtembeze ajisaidie.

Sasa karatasi, ambazo ndizo zinazowazuia watu, wala si mbwa kubweka. Kwa Umoja wa Ulaya, kutoka Tanzania au Kenya, mpangilio ni huu na hauruki hatua: chipu ya tarakimu 15 kwanza, au siku ileile na chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa ametimiza wiki 12. Siku 30 zipite, damu itolewe na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa, kingamwili zifike kipimo cha 0.5. Kisha miezi mitatu ya kungoja tangu siku damu ilipotolewa. Jumlisha mwenyewe: ni kama miezi minne. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki, hata kama kadi imejaa mihuri, na mnyama anaanza upya. Cheti cha afya kilichothibitishwa na daktari wa serikali hutolewa siku 10 za mwisho. Uingereza inafuata mpangilio huohuo, inaongeza dawa ya minyoo tegu kwa mbwa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na haipokei mnyama wa kawaida kwa ndege isipokuwa kama kago. Marekani, tangu Agosti 1, 2024, inataka mbwa awe na miezi sita, chipu na fomu ya CDC, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa. Wanaotoka nchi zetu, zilizo kwenye orodha ya hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, wanahitaji pia fomu ya chanjo na chipu iliyothibitishwa na daktari wa serikali, na nafasi iliyowekwa mapema katika kituo kilichosajiliwa na CDC. Damu ya kupima kingamwili itolewe angalau siku 28 kabla ya kuingia, la sivyo mbwa anawekwa karantini siku 28. Paka hawamo katika masharti hayo ya mbwa, ila uliza jimbo unakokwenda. Nchi nyingine yoyote, anza na ubalozi wake, usianze na jirani aliyesafirisha mwaka juzi.

Kipimo cha damu cha Ulaya hakirudiwi ikiwa chanjo za marudio zinachomwa kabla ya ile ya awali kwisha muda. Kwa hiyo anayehisi huenda atahama mwaka ujao, amlete mnyama mwezi huu. Na aliyekwisha kukata tiketi ya Jumamosi bila lolote kati ya haya, amwache mbwa kwa ndugu anayemwamini, chipu na chanjo vianze Jumatatu. Ila ajue Ulaya inamhesabu kama mnyama wa familia endapo safari yake na ya mwenyewe hazipishani zaidi ya siku 5. Zikipishana zaidi, zinatumika kanuni za wanyama wa biashara, zenye ukaguzi na gharama zake. Mara nyingi ni nafuu kupanga likizo ya kurudi nyumbani tarehe ambayo miezi mitatu inakwisha, na kuondoka naye.