Viwanja vya Kanisa Mbele ya Sheria ya Roma

Simulizi iliyozoeleka ni fupi. Konstantino aliona ishara ya msalaba, akashinda vita kwenye Daraja la Milvio tarehe 28 Oktoba 312, na mwaka uliofuata akatoa Amri ya Milano iliyowapa Wakristo uhuru. Ukweli umo ndani yake, ila mengi yamerukwa. Amri ya kwanza ya jumla ya kuwaruhusu Wakristo ilikuwa imeshatoka mwaka 311, tena kwa mkono wa mtesi wao mkubwa, Kaisari Galerius. Na waraka wenyewe wa mwaka 313, ukiusoma kwa makini, umejaa habari za viwanja na majengo. Hoja yangu ni kwamba kanisa liliingia katika sheria ya Roma kwa mlango wa mali: dola ililazimika kulitambua kama mmiliki muda mrefu kabla ya kuwa tayari kuiheshimu imani yake.

Hapo mwanzo Mkristo alikuwa na hali ya ajabu mbele ya sheria. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan kumuuliza awafanyeje watu hawa. Jibu lilikuwa kwamba wasisakwe na mashtaka yasiyo na jina yasipokewe. Lakini anayeshtakiwa, akathibitika na akakataa kuiabudu miungu, aadhibiwe. Mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago aliikejeli kauli hiyo baadaye: kama ni wahalifu, mbona hawasakwi, na kama si wahalifu, mbona wanaadhibiwa? Katika hali hiyo ya kuvumiliwa nusunusu, jumuiya za Wakristo zilijipatia nyumba za kusalia, makaburi na akiba ya maskini. Ndiyo maana Kaisari Valerian alipotaka kuzibana mwaka 257, alizipiga marufuku kukutana na kuingia makaburini. Valerian alitekwa na Waajemi mwaka 260, na mwanawe Gallienus akawaandikia maaskofu kwamba warudishiwe mahali pao pa ibada. Mwanahistoria Eusebio wa Kaisarea ametuhifadhia barua hiyo ya Kaisari, ambayo inawataja maaskofu kwa majina. Mtawala asiye Mkristo anamwandikia askofu, tena kwa cheo chake, kuhusu majengo!

Miaka michache baadaye ikaja kesi ya Antiokia. Paulo wa Samosata, askofu wa mji huo, alivuliwa uaskofu na wenzake kwa mafundisho yake, akagoma kuitoka nyumba ya kanisa. Wapinzani wake walimwendea Kaisari Aurelian, mpagani aliyelitukuza Jua. Yeye hakuchambua teolojia. Aliamua kwamba nyumba wapewe wale wanaoandikiana barua na maaskofu wa Italia na Roma. Yeyote aliyewahi kuona kanisa likigawanyika anajua kwamba swali la nani abaki na jengo huwahi kufika mahakamani kuliko swali la nani mwenye imani sahihi.

Msomaji anaweza kupinga hapa: huo ulikuwa uvumilivu tu, haukuwa haki, na ushahidi ni mateso makali ya Kaisari Diocletian yaliyoanza Nikomedia mwezi Februari 303. Pingamizi hilo lina uzito. Alichotoa Kaisari mmoja kwa barua, Kaisari mwingine angeweza kukifuta kwa tangazo. Lakini tazama mateso yale yalivyoendeshwa. Amri ya kwanza ililenga majengo yabomolewe na maandiko yachomwe, na maofisa wakaenda na makarani. Tarehe 19 Mei 303, huko Cirta katika Numidia, mkuu wa mji Munatius Felix aliingia katika nyumba walimokutanikia Wakristo, na karani akaandika kila kilichotolewa: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa 7 za fedha, kanzu 82 za kike, kanzu 16 za kiume, jozi 13 za viatu vya wanaume na jozi 47 za viatu vya wanawake. Yaelekea nguo na viatu hivyo vilikuwa vya kuwagawia maskini. Huko Misri, Februari 304, msomaji wa kanisa la kijiji kimoja aliapa kwa maandishi kwamba kanisa lake halina dhahabu, fedha, nguo, mifugo, watumwa wala ardhi, isipokuwa vitu vya shaba ambavyo vilishakabidhiwa ili vipelekwe Aleksandria. Mtu mwingine alimwandikia sahihi kwa madai kwamba hajui kuandika. Msomaji wa kanisa asiyejua kuandika! Huenda alikuwa mjanja kuliko maofisa waliokuwa mbele yake. Vyovyote iwavyo, dola iliyotaka kulifuta kanisa ilijikuta inalifungulia daftari la mali, na kilichoandikwa kuwa ni mali ya kanisa kingeweza kudaiwa tena.

Galerius alikubali kushindwa akiwa mgonjwa wa kufa. Tangazo lake lilibandikwa Nikomedia tarehe 30 Aprili 311, na siku chache baadaye akafariki. Halina toba hata kidogo. Linawalaumu Wakristo kwa kuziacha desturi za wazee wao, linakiri kwamba vitisho vimewafanya wengi wao wasiabudu miungu wala Mungu wao wenyewe, kisha linawaruhusu kuwa Wakristo tena na kujenga upya mahali pao pa kukutania, mradi wasivuruge utaratibu na wamwombee Kaisari na dola. Wakristo wakawa halali, lakini tangazo halikusema kitu juu ya mali iliyokwisha kuuzwa au kugawiwa watu.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 313. Konstantino na Kaisari mwenzake Licinius walikutana Milano mwezi Februari, ila maandishi tuliyo nayo ni waraka wa Licinius kwa liwali, uliobandikwa Nikomedia tarehe 13 Juni. Kwanza unampa kila mtu, Mkristo na asiye Mkristo, ruhusa ya kufuata dini aitakayo. Kisha unaagiza Wakristo warudishiwe mahali pao bila malipo. Aliyenunua au kupewa zawadi aende kuomba fidia serikalini. Na panaposemwa juu ya mali nyingine, waraka unafafanua kwamba ni ya jumuiya, yaani makanisa, wala si ya mtu mmojammoja. Kwangu hicho ndicho kipengele kizito kuliko vyote, kwa sababu askofu hufa na waumini huhama, lakini jumuiya inayomiliki ardhi kisheria inabaki.

Wapo watakaosema kwamba namnyima Konstantino haki yake. La. Aliwasamehe makasisi kazi za lazima za miji, na mwaka 321 akaruhusu watu kuliachia kanisa mali kwa wosia, hatua iliyolitajirisha kuliko waraka wowote wa kurudisha viwanja. Lakini imani yake haiwezi kuueleza waraka wa Licinius, mtu ambaye miaka michache baadaye aliwageukia Wakristo. Wala uhalali huu tusiuchanganye na amri ya Kaisari Theodosius ya mwaka 380, iliyoufanya Ukristo kuwa dini ya dola.

Shida ilijitokeza mara moja. Kurudisha mali kwa kanisa kulimaanisha kujua kanisa ni lipi, na Afrika ya Kaskazini ilikuwa na makundi mawili: la askofu Caecilian wa Karthago, na la wale walioitwa baadaye Wadonato, ambao walidai kwamba aliyemweka wakfu alikuwa amewakabidhi watesi Maandiko. Mwaka huohuo wa 313 Wadonato walipeleka malalamiko kwa Konstantino. Akaitisha baraza Roma, na mwaka 314 jingine Arles. Wadonato hawakukubali. Mwaka 330, huko Cirta, ambayo wakati huo iliitwa Constantina kwa jina la Konstantino, waliitwaa basilika aliyokuwa amewajengea wapinzani wao. Konstantino hakuwaondoa, aliamuru nyingine ijengwe kwa gharama ya hazina yake.