Bakteria Wakigoma, Nani Atajua?

Kama umewahi kupita nyuma ya banda la nguruwe, ile harufu inayochoma pua unaijua. Ni amonia, inayotokana na mkojo na kinyesi. Sasa, usiishie kuziba pua tu. Maji ya kuoshea banda yakimwagwa ovyo, amonia hugeuka kuwa naitreti udongoni na kushuka hadi kisimani. Naitreti haina rangi wala harufu. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo anaweza kugeuka rangi ya buluu, kwa sababu damu yake inashindwa kubeba oksijeni, na hata kufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii! Maji yanapungua, naitreti inabaki.

Nani wa kutuokoa? Bakteria. Ndiyo, bakteria! Mwaka 1914 Ardern na Lockett walionyesha huko Manchester, Uingereza, kwamba tope lenye vijidudu likipulizwa hewa husafisha maji taka. Ndani ya tangi, kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti. Kisha hewa inafungwa, na kundi jingine linaigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo inapaa zake.

Lakini hawa ni viumbe hai. Mtu akiosha banda kwa dawa nyingi ya kuua vijidudu, nao wanakufa kimya kimya. Kipimo cha maabara kinachotumika sana kupima uchafu huchukua siku 5. Siku ya tano maji yamekwishafika mtoni!

Ndiyo maana tangini huwekwa vifaa vya kupima pH na oksijeni kila baada ya muda mfupi. Hapa ndipo takwimu zinapoingia (somo nililolikimbia sana shuleni, nakiri).

Fikiria hivi. Mtu mwenye urefu wa sentimita 180 si ajabu. Mwenye kilo 40 pia si ajabu. Je, mtu mmoja mwenye vyote viwili? Huyo apelekwe hospitali!

Tangi nalo ni hivyo hivyo. Hewa inapoanza kupulizwa, kwa kawaida pH iko juu na oksijeni iko chini, maana bakteria wanaila yote. Wakifanya kazi wanatoa asidi, pH inashuka. Amonia ikiisha, oksijeni inapanda. Kwa hiyo pH ya juu ni kawaida, oksijeni nyingi ni kawaida. Zikiwa juu pamoja, ujue bakteria hawali kitu.

Mwaka 1931 Mmarekani Harold Hotelling alitoa hesabu ya kuunganisha vipimo kadhaa kuwa namba moja, inayoonyesha hali ya leo imeachana kiasi gani na mazoea. Kompyuta inajifunza kwanza siku ambazo tangi lilikuwa zima. Namba ikivuka mpaka, kengele inalia. Msimamizi anafunga bomba la kutolea maji, kisha anakwenda kuuliza leo banda limeoshwa na nini.