Meseji tatu za saa tano usiku

Ukitaja Magomeni, wengi fikra zao hukimbilia Dar es Salaam. Ninayoisema hapa ni kata ya Magomeni wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, anakoishi mama yangu mdogo. Yumo katika kikundi cha kuweka na kukopa, na rejesho lake hulipa kila wiki. Usiku mmoja, saa tano, simu yake ililia akiwa usingizini. Akiwa bado anapapasa kutafuta miwani, ikalia tena, kisha mara ya tatu. Kwetu simu ya usiku huwa ya msiba au ya mgonjwa. Alipoweza kusoma, mikono ikimtetemeka, alikuta meseji tatu zinazofanana neno kwa neno, zikimkumbusha kwamba rejesho lake ni kesho.

Asubuhi alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia kwa haraka: "Marahaba mwanangu. Hivi hawa watu, wakishakukopesha, hawalali?"

Watu walikuwa wamelala. Iliyokuwa macho ni seva, kompyuta iliyopangiwa kazi ya kujirudia bila mtu kuigusa. Kazi za namna hiyo zimetuzunguka. Benki hufunga hesabu za siku usiku, na mitandao ya simu hukata kifurushi muda wake unapoisha. Mwaka 2012 ilipozinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bure, akaanza kupokea ushauri kwa Kiswahili kulingana na wiki za ujauzito wake. Wa wiki ya 12 na wa wiki ya 30 hawakupaswa kupata ujumbe mmoja. Huwezi kumweka karani akae na daftari la kina mama wote hao. Ni lazima programu ndiyo ihesabu.

Chombo cha kale cha kazi hii kinaitwa cron. Kilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, miaka ya 1970, na hadi leo kinatumika. Kila dakika huamka, husoma orodha yake na kuangalia kama kuna kazi iliyofikia muda. Kila mstari una nafasi tano za wakati: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki.

Kijana aliyeutengeneza mfumo wa kile kikundi alinifungulia mstari wenyewe. Alitaka meseji zifike saa mbili usiku, watu wakiwa wametoka shamba na kula. Akaandika 20. Kwa saa za kompyuta, 20 ndiyo saa mbili usiku, hapo hakukosea. Lakini seva ilikuwa ikihesabu kwa saa za dunia, UTC, na Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu. Ishirini ya seva ni saa tano ya Magomeni.

Msemaji wa Kiswahili anayepanga kazi hizi huvuka mito miwili. Kwanza anatoka kwenye saa yetu, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, kwenda saa ya kompyuta inayoanza usiku wa manane. Kisha anatoka saa za Tanzania kwenda za dunia. Chukua saa sita ya usiku wa kuamkia Jumamosi, usemi wetu ambao haumwachi mtu na shaka. Kwa UTC hiyo ni Ijumaa, saa 21. Ukiandika Jumamosi saa 21, kazi yako imechelewa siku nzima. Dawa yake ni fupi: iambie programu kwamba inafanya kazi kwa saa za Africa/Dar_es_Salaam, jina ambalo kompyuta karibu zote zinalitambua, kisha uache yenyewe ihesabu.

Na zile meseji tatu? Saa iliyopangwa ilipofika, programu iliamshwa kila dakika kuangalia nani hajatumiwa. Ilichukua orodha, ikatuma mmoja mmoja, kila mara ikisimama kusubiri jibu la kampuni ya simu. Kuweka alama ya "ametumiwa" ilikuwa kazi ya mwisho kabisa. Dakika ya pili ilipofika ya kwanza haijamaliza, majina yote yalikuwa bado hayana alama, na kazi ikaanza upya. Ya tatu vivyo hivyo.

Watu wa Kilosa walio karibu na reli ya zamani, ile iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, hawahitaji kufundishwa kosa hili. Kwenye njia moja, treni haiingii kipande cha reli mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kuwa kiko wazi. Programu nayo iwe na kufuli: kazi ikianza inaishika, nyingine ikiikuta imeshikwa inarudi. Tena isisimame kwa kila jibu. Iweke meseji kwenye foleni na kuendelea, majibu yaje kwa wakati wake. Jibu linaweza kupotea njiani, kwa hiyo kila ujumbe upewe namba yake ya pekee, wa pili wenye namba hiyo hiyo ukija ukataliwe.

Hili la namba ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Siku ile ulikuwa ukumbusho tu. Ungekuwa ni mfumo wa makato, mama mdogo angekatwa rejesho mara tatu kwa usiku mmoja, na kurudishiwa fedha yake kungemgharimu nauli na siku za shamba.

Kijana alirekebisha makosa yote mawili, la saa na la meseji kujirudia, kwa mchana mmoja. Nawe unayeandika programu ya namna hii, kabla hujaiwasha, weka namba ya mama yako kwenye orodha ya majaribio, uiache ifanye kazi usiku kucha, kisha asubuhi umpigie umuulize amelalaje.