Kufundisha Ushuru wa Stempu na Kodi ya Mirathi

Mwalimu afundishaye sheria za kodi hukabiliwa na matatizo mawili. Kwanza, wanafunzi huziona kodi zote kuwa kitu kimoja. Pili, hukariri viwango pasipo kuuliza kinachotozwa ni nini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna ya kuyaondoa matatizo hayo kwa kutumia mfano wa Kenya.

Inafaa kuanza kwa swali moja, liandikwe ubaoni kabla ya kutaja kifungu chochote cha sheria: "Ni tukio gani lililoizaa kodi hii?"

Ushuru wa stempu huzaliwa na hati. Juma anapomwuzia Atieno kiwanja, kinachotozwa ni hati ya kuhamisha miliki. Nchini Kenya kiwango ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi iliyo mjini, na asilimia 2 kwa ile ya mashambani. Wanafunzi na wakokotoe wenyewe: kiwanja cha shilingi 1,000,000 kitatozwa shilingi 40,000 kikiwa mjini, na shilingi 20,000 kikiwa shambani. Kisha waelezwe kwamba, kwa kawaida, hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Hapo watatambua kwamba Atieno alipapo ushuru hujipatia pia kinga.

Kodi ya mirathi huzaliwa na kifo. Hiyo hutazama jumla ya mali aliyoiacha marehemu baada ya kutoa madeni yake. Kenya ilikuwa na kodi ya namna hii tangu enzi ya ukoloni, nayo ikafutwa mwaka 1982. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inaeleza nani arithi na kwa utaratibu gani, haitozi kodi.

Kwa kuwa kodi hiyo haipo tena Kenya, zoezi lake litolewe Uingereza, ambako ingali inatozwa. Huko kiwango cha kawaida ni asilimia 40 ya kile kinachozidi pauni 325,000. Tuseme mtu asiye na mke wala mtoto amemwachia ndugu yake mali ya pauni 445,000, na deni la pauni 20,000. Mwanafunzi mwenye haraka atatoza asilimia 40 ya mali yote. Mwalimu asimpe jibu, bali amrudishe hatua kwa hatua: toa deni, zibaki 425,000, toa kiasi kisichotozwa, zibaki 100,000, kodi ni pauni 40,000.

Manufaa ya somo hili huvuka mtihani. Wapo warithi wanaoliacha shamba katika jina la babu aliyefariki zamani, wakiogopa kwamba Serikali itakata fungu lake. Wakati wa kuuza, kugawa au kuweka rehani, hukwama. Ada za mahakama na za usajili zipo, lakini ada ni malipo ya huduma. Si kodi ya mirathi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza swali la ubaoni ataweza kuwaeleza wazee wake tofauti hiyo, nao wakaanza kulishughulikia jambo lao mapema, mashahidi wangali hai.