Injini Inapozimika Ghafula: Mashauri kwa Aliyenunua Gari Lililokwisha Kutumika

Barabara kuu itokayo Naivasha kwenda Nairobi hupanda mlima mrefu penye Kinungi. Malori hupanda hapo polepole kama mzee mwenye mkongojo, na magari madogo hujipanga nyuma yake yakingoja nafasi ya kupita. Ni mahali ambapo gari zima hujulikana, na gari gonjwa hujulikana vilevile. Si ajabu, basi, kuona kando ya barabara hiyo gari lililofunguliwa boneti, na mwenyewe amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akitazama mtambo asioujua.

Fikiri habari ya mkulima mmoja wa viazi atokaye upande wa Ol Kalou. Ameuza ng'ombe wawili wa maziwa, akaongeza mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akanunua gari dogo kwa mtu aliyelitumia kwa miaka kadhaa. Rangi yake yang'aa, viti vyake ni safi, redio yaimba vizuri. Siku ya tisa anafunga safari ya Nairobi pamoja na mkewe. Kabla ya kufika Kinungi mshale wa joto unaanza kupanda, lakini macho yake yako kwenye lori lililo mbele. Katikati ya mlima injini inakata pumzi na kuzimika, na usukani unakuwa mzito kama jembe katika udongo mkavu.

"Mzee, tuliache lipoe kwanza," mkewe anamwambia. Lakini yeye ana haraka. Anafungua kifuniko cha redieta, na mvuke unaruka na kumwunguza mkono. Anamimina maji baridi, anapiga stata, na injini inawaka. Anacheka kwa furaha, anaendelea na safari. Anapita Flyover, lakini kabla ya kufika Soko Mjinga injini inazimika tena, na mara hii haiwaki kabisa.

Fundi aliyeitwa anainama, anatazama, anatikisa kichwa. "Mzee," asema, "ni mpira wa maji tu uliopasuka. Ungalisimama kule chini na kuniita, ningalikutilia mwingine, nawe saa hizi ungalikuwa Nairobi. Sasa kichwa cha injini kimepinda."

Mkulima huyo ni wa mfano tu, lakini wenye gereji wengi watamtambua. Hasara yake haikuletwa na mpira uliopasuka. Ililetwa na robo saa iliyofuata. Wala mkopo wa chama haujui kwamba gari halitembei. Kila mwisho wa mwezi hutaka kulipwa. Kwa hiyo yampasa kila mwenye gari ajue mambo ya kufanya injini inapozimika, na zaidi yule ambaye gari lake ni geni mikononi mwake.

KWANZA, OKOA WATU

Injini inapozimika gari lingali likienda, dereva asiogope, kwani gari halikuacha kumtii. Usukani utakuwa mzito, lakini wageuka kwa nguvu. Breki nazo hubakiwa na msaada wa kutosha kuzikanyaga mara chache tu. Kwa hiyo zikanyagwe mara moja kwa uthabiti, wala zisipigwe-pigwe, kwa maana kila pigo humaliza msaada huo. Ufunguo usizungushwe hadi mwisho wala kuondolewa, la sivyo usukani utajifunga na gari halitageuka tena.

Dereva awashe taa za hatari, alielekeze gari nje ya lami upande wa kushoto, avute breki ya mkono. Mlimani aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Abiria washuke kwa mlango wa upande usio wa barabara, wasimame mbali na gari. Pembetatu ya kuonya iwekwe nyuma, mbali ya kutosha hata dereva wa lori apate nafasi ya kupunguza mwendo. Penye kona au kilele cha mlima iwekwe mbali zaidi. Na gari likiisha kuondolewa, jiwe na matawi viondolewe pia. Jiwe lililomsaidia mmoja mchana laweza kumwua mwingine usiku.

PILI, USIWASHE KABLA YA KUJUA

Haraka haraka haina baraka, na hapana mahali ambapo methali hii ni ya kweli zaidi kuliko mbele ya injini iliyozimika. Kabla ya kugusa ufunguo, mwenye gari akumbuke yaliyotangulia. Je, mshale wa joto ulipanda? Je, taa nyekundu yenye picha ya birika la oili iliwaka? Je, kulisikika mgongano wa chuma, au kulikuwa na harufu ya kuungua? Ikiwa jibu la moja la maswali haya ni ndiyo, injini isiwashwe tena.

Taa ya oili si ya kumkumbusha mtu kununua oili mjini. Maana yake ni kwamba oili haisukumwi tena kwenda kwenye vyuma vinavyozunguka, na vyuma visivyo na oili huweza kuharibika kwa muda wa dakika chache. Kadhalika mshale wa joto una hila yake. Maji yakiisha kabisa, kile kipimo hubaki katika hewa tupu, na mshale huweza kushuka kana kwamba mambo ni mema. Dereva hudhani injini imepoa, kumbe inaungua.

Watu wa nyanda za juu wana sababu ya kujihadhari zaidi. Pwani maji huchemka kwa joto la nyuzi 100, lakini penye kimo cha mita 2,000 huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni ile dawa inayochanganywa na maji, pamoja na kifuniko cha redieta ambacho huyabana. Kifuniko kilichochakaa, kisichogharimu fedha nyingi, chaweza kuwa ndicho chanzo cha gari kuchemka penye mlima.

Redieta isifunguliwe ingali moto. Ingojewe nusu saa au zaidi, hata kifuniko kiguswe kwa mkono bila kuunguza, ndipo kifunguliwe polepole kwa kitambaa. Maji baridi yakimwagwa katika injini yenye moto mkali huweza kupasua chuma au kukipinda. Kisha kichomolewe kijiti cha kupimia oili. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imegeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na gari hilo ni la kuvutwa, si la kuwashwa.

SAUTI YA STATA

Ikiwa hapakuwa na joto, wala taa ya oili, wala kelele, mtu aweza kupiga stata mara moja, kwa muda mfupi, na kusikiliza. Sauti yake hueleza mengi.

Kikisikika kishindo kidogo tu na taa zikififia, yamkini betri imekwisha au nyaya zake zimelegea. Stata ikizungusha injini kama kawaida lakini haiwaki, huenda petroli au umeme wa plagi haufiki. Hapo yafaa kutazama kwanza kama petroli imo, maana katika gari usilolizoea kipimo chake chaweza kuwa kiongo. Kisha fyuzi zitazamwe. Injini ikikataa kuzunguka kabisa hali betri ni nzima, huenda imekamatana kwa joto au kwa kukosa oili.

Sauti ya kuogopwa ni ile ya stata kuzunguka upesi na kwa wepesi usio wa kawaida, kama baiskeli iliyochomoka mnyororo. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mkanda wa taimingi umekatika. Mkanda huu ndio unaopatanisha mwendo wa pistoni na mwendo wa valvu. Katika injini nyingine ukikatika, gari husimama tu. Katika nyingine pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na kila mara stata ipigwapo madhara huweza kuongezeka. Asiyejua injini yake ni ya aina gani na aache ufunguo.

Gari lenye gia za kujibadilisha lisivutwe kwa kamba likiwa magurudumu yote chini. Pampu inayopeleka mafuta ndani ya gia huendeshwa na injini, na injini ikizimika, gia huzunguka pakavu. Lipandishwe juu ya gari la kubebea, la sivyo mtu atatengeneza injini na gia pia.

GARI NI JIPYA KWAKO TU

Magari mengi yanunuliwayo Kenya yalitumika kwanza Japani. Kwa kanuni za nchi, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa na umri unaozidi miaka 8, nalo hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi huo una faida, lakini haumwambii mnunuzi kama mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Tena gari likiisha kupita mikono miwili au mitatu humu nchini, historia yake hubaki katika kumbukumbu za watu wanaotaka kuliuza.

Mahali pengine pa kupeleleza ni chini ya boneti na ubavuni mwa mlango wa dereva. Huko Japani mafundi hubandika karatasi ndogo yenye tarehe na idadi ya kilomita za siku mkanda au oili ilipobadilishwa. Mara nyingine mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wa Japani. Mwaka wa enzi ya Heisei huongezwa 1988, na wa enzi ya Reiwa huongezwa 2018. Hivyo Heisei 28 ni mwaka 2016, na Reiwa 2 ni mwaka 2020. Karatasi hiyo ndogo huweza kusema kweli kuliko muuzaji mwenye maneno matamu.

Pasipo ushahidi, mnunuzi na adhani kwamba hakuna kilichofanywa. Watengenezaji wengi wa injini zenye mkanda huamuru ubadilishwe penye kilomita 100,000 hivi, au baada ya miaka kadhaa. Injini nyingine hutumia mnyororo badala ya mkanda. Huo hauna siku maalum ya kubadilishwa, lakini wahitaji oili safi sikuzote. Kwa hiyo, kabla ya safari ya kwanza ya mbali, gari litiwe oili mpya na chujio jipya, mipira ya maji ibonyezwe na kutazamwa, kifuniko cha redieta kijaribiwe, na fundi atazame mkanda.

Mfugaji anunuapo ng'ombe sokoni hamwamini kwa sababu ya ngozi yake. Humtazama meno na kiwele, humpa dawa ya minyoo, na mwenye busara humtenga na kundi kwa siku kadhaa. Mtu huyohuyo hununua gari kwa rangi yake, akaliendesha hadi Nairobi siku ya pili.

HAKI YA MNUNUZI

Hata baada ya hasara, mtu asikate tamaa upesi, wala asiruhusu injini ifunguliwe kando ya njia. Kwanza apige picha, ampe muuzaji habari kwa maandishi siku hiyohiyo, na amwite aje kutazama. Fundi aandike aliyoyaona, na kile kilichokatika kihifadhiwe. Injini iliyokwisha kutawanywa chini ya mti haiwezi kushuhudia kitu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, humtofautisha muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza magari na mtu aliyeuza gari lake mwenyewe. Wa kwanza huweza kudaiwa ikiwa gari halikufaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza, au halikuwa na ubora upasao. Kwa wa pili, mnunuzi huhesabiwa kuwa alijiangalilia mwenyewe, isipokuwa kama aliahidiwa jambo au alidanganywa. Aliyelikagua gari kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungaliionyesha, na aliyekaa kimya kwa muda mrefu huhesabiwa kuwa amelikubali. Maneno ya kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo yasomwe vizuri kabla ya kutia sahihi. Ahadi yoyote ya mdomo kuhusu injini iandikwe katika mapatano.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kufaa. Na kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo imeagizwa kuamua kesi katika muda wa siku 60.

Lakini afadhali kinga kuliko kesi. Anayetaka kununua gari asimalize fedha zote katika bei. Aweke kando sehemu ya kulitengeneza kabla ya kulitumia, kama vile mkulima anayenunua shamba abakizavyo fedha za mbegu. Na siku injini itakapozimika mlimani, akumbuke kwamba fedha zake zingali salama maadamu mkono wake haujagusa ufunguo.