Usiudharau mkojo wako

Ebu niambie: leo asubuhi ulipoenda haja ndogo, ulitazama ulichomwaga? Wengi wetu tunavuta maji mbio kabla matatu ituache.

Kila seli mwilini hula na kutoa taka. Taka hizo huingia kwenye damu, figo huzichuja, kisha sehemu yake hutoka na mkojo. Seli za saratani nazo hula, tena kwa pupa, kwa hivyo taka zake hazifanani na za seli nzima.

Amini usiamini, mbwa walililithibitisha hili kwa pua. Mwaka wa 2004, watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya mbwa sita waliofunzwa kunusa mkojo wa wagonjwa wa saratani ya kibofu. Walipatia mara 22 kati ya 54. Unaona ni kidogo? Kwa kubahatisha tu wangepatia kama mara nane. Halafu kulikuwa na sampuli moja wakati wa mafunzo ambayo mbwa wote waliing'ang'ania, ilhali mwenyewe alikuwa amepimwa na kuonekana mzima. Daktari akaagiza apimwe tena. Alikuwa na saratani ya figo.

Sasa kazi hiyo ya kunusa inafunzwa mashine. Mwaka wa 2016, Hitachi ya Japani ilieleza jinsi ilivyochambua zaidi ya aina 1,300 za kemikali kwenye mkojo, ikachuja chache zinazoweza kutofautisha mtu mzima na mwenye saratani ya matiti au ya utumbo mpana. Hakuna sindano, na mkojo unaweza kuutoa ukiwa kwako.

Lakini usidanganywe na mtu anayekuuzia mtandaoni kikopo cha "kupima kansa zote". Kutoka maabara hadi kliniki ya mtaani ni safari ndefu.

Cha bure unacho tayari: macho. Ukiona mkojo mwekundu na jana hukula bitiruti, usiishie kwa kemisti kununua dawa. Huenda ni maambukizi tu. Ila kama ulikulia Pwani ukiogelea kwenye vidimbwi, mwambie daktari, kwa sababu kichocho kisichotibiwa huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Na damu hiyo mara nyingi haiumi. Inaweza kupotea wiki nzima, ukadhani umepona, kisha irudi. Hata ikipotea, nenda tu.